Jina la Kizuizi

Kivuli kilipomaliza kuishi miaka mitatu ya Kiota, kwetu sisi tulioketi ofisini zilikuwa zimepita dakika hamsini tu, na chai yangu ilikuwa bado ya vuguvugu. Ukutani zikatokea namba mbili. Ya kwanza, uwezekano wa mfumo kudumu, sitini na moja kwa mia. Ya pili, tisini na nne. Chini ya hiyo ya pili kulikuwa na maneno matatu, "endapo kizuizi kitaondolewa," na chini yake jina: Mwajabu Kitundu, chumba cha taa.

Meneja Elisante Kingu alilisoma jina, akavua miwani, akalisoma tena bila miwani.

"Bi. Mwajabu?" akasema. "Mhandisi, huyu mama ndiye aliyenipokea kazini. Nilikuwa sijui hata yai linakaaje kwenye trei, ncha juu au ncha chini."

"Kivuli hakijui nani alimpokea nani," nikamjibu. "Kinajua tu nani atakayeuangusha mfumo."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwa sahihi. Sisi watu wa Bukoba tunasemwa kwamba tunajisikia. Wengine hukanusha, mimi nimechoka kukanusha. Jina langu ni Gaudensi Rwechungura, na hadi Alhamisi ile nilikuwa nimesimika mifumo ishirini na mmoja katika viwanda, mahospitali na bandari kavu, wala haukufa hata mmoja. Enzi za wazazi wetu mfumo ulikuwa ukiwashwa Jumatatu kwa keki na hotuba, na kufikia Ijumaa watu wamesharudi kwenye madaftari yao kimyakimya. Mwaka unaofuata wanaletewa mwingine, na keki nyingine. Kwa ajili ya ujinga huo ikatungwa Sheria ya Mifumo, na kwa ajili ya sheria hiyo kikatengenezwa Kivuli.

Kazi yake ni hii. Kila mtu atakayeutumia mfumo mpya huvaa bangili na kufanya jaribio la dakika kumi na tano mbele ya skrini. Bangili haijali majibu peke yake. Inanakili mkono unavyosita, moyo unavyokwenda mbio skrini inapokataa, jicho linavyozunguka kutafuta mtu wa kuuliza. Kutokana na hayo kila mfanyakazi hupata kivuli chake, na vivuli vyote huingizwa katika kiwanda cha kivuli chenye mashine zilezile, wateja walewale na matatizo yaleyale. Humo vinafanya kazi miaka mitatu. Kama mfumo ni wa kufa, unafia humo, na hakuna anayeumia. Hata leo, baada ya yote yaliyotokea, Kivuli nakivulia kofia.

Sheria inasema Kivuli kikitaja kizuizi, mwalimu wa mfumo anasaini, na mtu huyo havuki tena mstari mwekundu uliochorwa mlangoni mwa kiwanda. Anahamishiwa nje au anapewa mkono wa kwaheri. Nilikuwa nimeshasaini majina tisa kabla ya hilo. Nimejaribu kuyakumbuka na silikumbuki hata moja.

"Mwisho wa kusaini ni kesho adhuhuri," nikamkumbusha Kingu. "Jumatatu tunamwasha Mlezi."

Mlezi ndiye mfumo niliokuja nao Singida. Kiota ni ushirika wa kutotolesha vifaranga: mayai laki moja na sitini elfu yako ndani ya mashine wakati wowote, yote ya kuku wa kienyeji kutoka vijijini. Mlezi angeamua yai liingie lini, litoke lini, na kifaranga apande ndege ipi kati ya zile ndogo zisizo na rubani zinazokwenda vijiji mia tatu. Kifaranga anapotoka kwenye yai ana akiba ya kiini tumboni ya kumtosha siku tatu. Mfumo ukikosea tarehe, siku tatu hizo zinaishia sakafuni mwa kiwanda.

Kingu alivaa tena miwani. "Utamwambia wewe," akasema. "Mimi siwezi."

* * *

Chumba cha taa ni cheusi hata saa sita mchana. Bi. Mwajabu alikuwa amesimama mbele ya meza yake akiinua mayai manne manne, mawili kila mkono, na kuyapitisha juu ya taa. Yai linapowaka unaona mishipa yake kama nyuzi, na doa dogo linalocheza. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza humo.

"Shikamoo, Bi. Mwajabu."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na majibu." Hakuacha kuinua mayai. "Nimefeli."

"Si kufeli. Kivuli kimeona kwamba kwa mwenendo wa kazi wa..."

"Mwalimu, mimi ni mtu mzima. Sema nimefeli."

"Umefeli," nikasema. "Swali la kumi na nne. Umerudia jaribio mara tatu, na mara tatu umesimama palepale mpaka muda ukaisha. Wenzako wote wamepita."

"Skrini iliniuliza trei hii itolewe lini. Ikanionyesha tarehe iliyoingia kwenye mashine. Mimi nikatafuta mahali pa kuona mayai yalitagwa lini, sikupaona."

"Mlezi anahesabu siku ishirini na moja tangu yai lilipoingia. Huhitaji kitu kingine."

"Yeye hahitaji." Akaweka mayai manne kwenye trei, akachukua mengine. "Lakini yai lililolala kwa mama mmoja kule Ilongero siku tisa likisubiri gari si sawa na lililotagwa jana. Kila siku lililolala nje linataka karibu saa nzima zaidi ndani. Ukilitoa kwa kalenda, unamtoa kifaranga kitovu bado kibichi. Sasa ningejibu nini?"

"Ungejibu kama wenzako."

Hapo ndipo alipoacha kuinua mayai. Mwanga wa taa ulimpiga kutoka chini, nikaona kwamba ana uso mpole kuliko nilivyoutazama darasani, ambako nilikuwa nimeutazama kama mtu anavyotazama foleni.

"Wote wamefaulu?" akauliza.

"Wote kumi na mmoja."

"Alhamdulillahi," akasema, na hakukuwa na kejeli ndani yake. Nilisikiliza sana kama ipo. "Na mimi utaniweka wapi?"

"Meneja anafikiria getini. Kupokea wageni."

"Getini kuna upepo," akasema. Singida yote ina upepo. Juu ya paa la Kiota mapanga ya mitambo ya upepo yalikuwa yakivuma tangu asubuhi. "Haya. Naomba tu niyamalize haya ya leo, yasije yakapoa."

Nikamwambia amalize. Nilitoka pale nikiwa na hasira, na sikujua nimemkasirikia nani. Mtu ukimfukuza akalia, unamwonea huruma na kazi inakwisha. Huyu alikuwa ameniomba ruhusa ya kufanya kazi.

* * *

Hasira ile ndiyo iliyonirudisha kwa Kivuli. Nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi Bi. Mwajabu atakavyouangusha mfumo, ili moyo utulie. Nikafungua mwaka wa pili, mwezi wa Machi, mvua zimechachamaa. Umeme ukayumba, king'ora kikalia, skrini zote zikageuka rangi ya chungwa. Kivuli cha Bi. Mwajabu kikafanya kilekile ambacho mwenyewe angefanya: kikasimamisha mstari mzima wa mashine, kikauliza. Vivuli vingine kumi na kimoja havikuuliza mtu. Vilikwenda moja kwa moja kwenye kitufe sahihi, kila kimoja kwenye skrini yake, haraka na kwa uhakika.

Nikatabasamu. Wanafunzi wangu hao.

Kisha tabasamu likanitoka. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena polepole. Mikono iliyokwenda kwenye vitufe ilikuwa kumi na mmoja, na yote ilikuwa ya kushoto.

Nilikuwa nimekaa na watu wale wiki mbili. Nilikuwa nimewaona wakiandika majina yao kwenye karatasi ya mahudhurio, wakishika kalamu, wakishika vikombe. Alikuwapo mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto, naye ni Zuhura Mkumbo, msimamizi wa chumba cha mashine, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwepesi kuliko mimi mwenyewe kwenye Mlezi. Nilikuwa nimeshamsifia mara kadhaa mbele za watu.

Nikamwita. Aliingia akijifuta mikono kwa aproni.

"Zuhura, unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, mwalimu. Marehemu mama alinichapa sana kwa ajili yake, haukubadilika."

"Na Mzee Shilla, yule wa kiti cha mbele darasani?"

Nikamgeuzia skrini. Alitazama vivuli vile, akainamisha kichwa.

"Mzee Shilla vidole vinamtetemeka mbele ya skrini," akasema hatimaye. "Dada Anjela alilia siku ya kwanza. Hukumwona, alilia chooni. Wengine walikuwa wanashika maneno lakini hawajui yanakwenda wapi. Basi nikavaa bangili zao, moja baada ya nyingine, siku tatu, saa ya chakula. Hakuna aliyeniomba. Mwandike Zuhura peke yake."

"Lakini kila jioni nilikuuliza! Niliwauliza wote, mmeelewa? Mkasema ndiyo, tumeelewa."

"Sasa ungeambiwa hapana na nani, mwalimu?" Akainua macho. "Wewe ni mgeni wetu. Umetoka mbali, umejiandaa, umetuonyesha picha zako ukutani. Mtu akuaibishe mbele ya watu?"

"Ningefundisha tena. Ndiyo kazi yangu."

"Ulikuwa unauliza huku umeshafunga kompyuta," akasema, kwa adabu kabisa.

Ilikuwa kweli. Nilijiona kama vile naonyeshwa picha yangu ya zamani: mkoba begani, uso unaelekea mlangoni, "mmeelewa?", na sauti kumi na mbili zikinipa ruhusa ya kwenda kula. Hapana, kumi na moja. Ya kumi na mbili kila siku ilikuwa na swali, na mimi kila siku nililijibu nikiwa nimesimama.

"Na Bi. Mwajabu?" nikauliza. "Bangili yake hukuivaa?"

"Nilimfuata yeye wa kwanza, ndiye mkubwa wetu. Akasema mkono wake ataupeleka mwenyewe, hata kama ni wa kushindwa." Zuhura akakunja aproni, akaikunjua. "Akasema pia kwamba sisi hajatuona."

* * *

Sasa nieleze nilivyobanwa, maana nilibanwa kweli.

Nikisaini, Bi. Mwajabu anakwenda getini, mimi naondoka na cheti cha ishirini na mbili, na Jumatatu Mlezi anawashwa mbele ya watu kumi na mmoja ambao kumi kati yao hawamjui. Zuhura ana mikono miwili. Atakimbia kutoka skrini hadi skrini mpaka siku atakayougua au kufiwa, na siku hiyo vifaranga watajazana sakafuni.

Nikitoa taarifa, sheria haina huruma: anayeghushi kivuli na anayeghushiwa wote wanapoteza leseni ya kiwandani miaka mitatu. Watu kumi na mmoja, kwa kosa la kutotaka mwenzao aaibike mbele ya mgeni. Na katika Singida niliyoiona, mtu aliyetolewa Kiota miaka mitatu anarudi kulima alizeti kwa jembe la baba yake.

Kulikuwa na njia ya tatu, ile ambayo naona haya kuitaja: kusaini, kuondoka, na baadaye kushangaa pamoja na wengine. Niliifikiria kama dakika kumi. Nilikuwa na hoja nzuri sana.

Nikamkuta Bi. Mwajabu nyuma ya kiwanda wakati wa mapumziko, amekaa kwenye kreti lililopinduliwa, anakunywa uji. Nikapindua kreti langu.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Nimekuja kukufukuza mchana kweupe, na ulijua kwamba katika kiwanda kizima wewe na Zuhura ndio pekee mliofanya jaribio lenu wenyewe. Kwa nini hukusema?"

"Ulikuja kuniuliza habari zangu, mwalimu. Nikakujibu habari zangu."

"Na mayai? Ungeyaacha yaharibike Jumatatu?"

"Ah, hapo nilishapanga." Akanywa uji. "Ningekaa huko getini, Zuhura akikwama ananipigia simu. Wala si mbali, ni kupaza sauti tu. Mfumo wa kwanza ulipokufa hapa, miaka kumi na mitano iliyopita, tulikuwa na vifaranga elfu thelathini bila usafiri. Tuliwabeba kwa maboksi, nyumba kwa nyumba, mpaka Iguguno. Tukampa kila mtu aliyefungua mlango. Walipona wengi."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza alivyofua nguo. Kingu alikuwa amenidokeza habari hiyo siku ya kwanza na nikaiandika chini ya kichwa "changamoto za awali". Sasa nilimtazama mwanamke aliyetembea mpaka Iguguno na maboksi kichwani, akiwa tayari kukaa nje kwenye upepo na kufundisha kwa simu kazi aliyonyang'anywa, na nikamstahi kuliko nilivyowahi kumstahi profesa yeyote.

"Nifanye nini, Bi. Mwajabu?"

"Mimi napima mayai. Watu siwezi kuwainua kwenye taa." Akamalizia uji, akageuza kikombe kichuruzike. "Ila nina swali. Najua huyapendi."

"Uliza."

"Hizo bangili, kwenye kanuni zenu, anatakiwa azifunge nani?"

Nilijua jibu bila kufungua kitabu. Kanuni ya nne: mwalimu atamfunga bangili kila mtahiniwa kwa mkono wake mwenyewe, na atakaa naye mpaka mwisho wa jaribio. Mara ya mwisho kuifuata ilikuwa katika mfumo wangu wa tatu au wa nne. Pale Kiota niliziweka bangili zote kumi na mbili ndani ya ndoo, kila moja na jina lake, nikasema "vaeni kwa zamu jamani," nikaenda kula kuku. Siku zote tatu. Kuku wa Singida ni mtamu, lakini hilo halimo kwenye kanuni kama udhuru.

"Kuuliza si ujinga," akasema Bi. Mwajabu, akainuka kurudi kwenye taa yake.

* * *

Ijumaa, saa tano na nusu, Kingu alinisogezea fomu. Alikuwa hajalala vizuri, ilionekana. Nikachukua kalamu, nikalipiga mstari jina la Mwajabu Kitundu, na juu yake nikaandika langu.

"Umekosea mstari, Mhandisi. Hapo ni pa jina la kizuizi."

"Sijakosea."

Nikamweleza kila nilichotakiwa kukieleza. Kwamba bangili sikuzifunga mimi. Kwamba jaribio sikulisimamia. Kwamba kwa hiyo bangili kumi kati ya kumi na mbili hazikuvaliwa na wenyewe, vivuli vyake si halali, na namba ile ya tisini na nne ni hewa tupu. Kwamba nimefundisha watu kumi na wawili kwa mwendo wangu mimi, na waliobaki nyuma nikawahesabu kuwa wameelewa kwa sababu hawakupiga kelele.

"Nani alizivaa?" Kingu akauliza.

"Fomu inauliza nani hakuzifunga."

Alinitazama. Si mjinga yule bwana. Watu aliwajua kwa majina ya watoto wao, na mikono yao aliijua. Nilimwona akipita kichwani kwenye meza moja hadi nyingine, akafika alipofika, akaamua kurudi.

"Sawa," akasema. "Fomu inauliza hilo."

Sikudanganya. Sikusema yote pia, na hilo nitalibeba mwenyewe. Likinielemea sitamtafuta mtu wa kunisaidia.

Tukakiendesha tena Kivuli kwa vivuli viwili tu, cha Zuhura na cha Bi. Mwajabu. Hakikumaliza hata mwezi wa kwanza wa humo ndani. Ukutani, mahali pa namba, kiliandika: "Watu kumi hawajulikani. Siwezi kusema."

Sijawahi kukipenda chombo kile kama nilivyokipenda dakika ile. Miaka yote tulikuwa tunakilisha ndiyo za watu, na kikatutapikia ndiyo kubwa zaidi. Kilipopewa ukweli kidogo, kikawa na ujasiri wa kusema hakijui, jambo ambalo mimi na wanafunzi wangu wote tulishindwa kwa wiki mbili.

"Kwa hiyo hatuna namba," Kingu akasema. "Jumatatu hatuwashi. Nitawaambia nini wanachama?"

"Waambie mayai yanaendelea kwa njia ya zamani mpaka watu wamjue Mlezi. Waambie Mlezi naye ataongezewa mahali pa kuandika siku yai lilipotagwa, maana bila hapo angeua vifaranga hata kama wote wangefaulu kihalali. Aliyeligundua hilo ni mtu mmoja, na tulimpa sifuri."

"Na mwalimu? Wewe umeshajifuta."

"Sheria inaruhusu afundishe yeyote mwenye kivuli halali, na ambaye jina lake halimo kwenye fomu."

"Zuhura basi. Ndiye mwepesi."

"Zuhura atafanya haraka kama mimi, na kwa moyo mzuri kuliko wangu. Ataishia kuwafanyia." Nikamsogezea karatasi ya jaribio la Bi. Mwajabu, ile iliyokwama kwenye swali la kumi na nne mara tatu. "Mpe huyu. Itachukua wiki tisa badala ya mbili. Mtu wa mwisho akielewa, wote wameelewa, na yeye hatamruka mtu."

Kingu akasaini chini ya jina langu. Leseni yangu ilisimama mwaka mmoja kuanzia adhuhuri ile, na kama ada ya kujisikia, hesabu yangu ya mifumo isiyokufa ilirudi sifuri. Niliumia. Sitajifanya sikuumia, nilirudi nyumba ya wageni nikakaa kitandani na viatu.

* * *

Jumatatu nilikwenda kurudisha ufunguo na vitabu vya mafunzo. Mlinzi alinionyesha mstari mwekundu kwa kidole, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake dimbwi la maji. Nikasimama kabla yake, vitabu mkononi. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi.

Walikuwa wamekaa wote. Mzee Shilla mbele, Anjela pembeni ya dirisha, Zuhura nyuma kabisa na mikono yake ameikalia, nadhani aliamriwa. Bi. Mwajabu alikuwa mbele ya skrini ileile niliyoiacha, amevaa kitenge chake cha kazini, na pembeni yake ameweka trei moja ya mayai ya kweli.

Aliwaonyesha hatua ya kwanza. Moja tu: jinsi ya kufungua. Ilimchukua robo saa. Kisha akageuka, akauliza, "Nani hajaelewa?"

Kimya. Nilikijua kimya kile. Kwa wiki mbili kilikuwa kimenisindikiza kwenda kula. Mzee Shilla alitazama magoti yake. Nikasema moyoni, mama wa watu, hata wewe hawatakuambia.

Bi. Mwajabu akasubiri. Hakugusa kitu mezani. Halafu, taratibu, akanyoosha mkono wake mwenyewe juu.

"Mimi hapa kwenye neno la siri sijaelewa vizuri," akasema. "Nimefuata tu. Nani mwingine?"

Upepo ulipiga mabati. Anjela akanyoosha, nusu, akaurudisha, akaunyoosha tena. Kisha Mzee Shilla, na ule mkono wake unaotetemeka ulitetemeka hadharani na hakuna aliyecheka. Kisha wengine, mmoja mmoja, mpaka ukumbi ukawa na mikono kumi na mmoja hewani, na Zuhura akatoa wa kwake chini ya paja akajiunga nao, ingawa yeye alielewa, namjua, alielewa tangu siku ya kwanza.

Sikuamua. Niliona tu vitabu vimehamia kwapani na mkono wangu uko juu.

Bi. Mwajabu akaniona kupitia mlangoni. Watu wakageuka.

"Na wewe huko nje, mwalimu? Nini hujaelewa?"

"Siku za yai tangu kutagwa," nikasema. "Saa moja kwa kila siku. Nilikuwa nimesimama uliponieleza, Bi. Mwajabu. Sikusikiliza."

Akautazama mstari mwekundu, akanitazama mimi. Nilidhani ataniita niingie, na nilijua nisingeweza. Naye alijua.

"Basi simama hapohapo," akasema, akachukua yai moja kutoka kwenye trei. "Nitapaza sauti."